Mwiba wa Kujidunga

Wahenga wetu wametuachia methali nyingi za huruma na chache za ukali, na katika hizo chache sijui kama iko inayotamkwa barazani kwa wepesi kuliko hii: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Wako wasemao wa kujichoma, na maana ni ile ile. Mtoto aliyekatazwa kupanda mwembe akaanguka huambiwa hivyo na bibi yake, huku bibi huyo huyo akimkanda mguu kwa maji ya moto. Kwa miaka mingi sasa, visiwani kwetu na katika mwambao mzima, methali hii imepata mtu mpya wa kuambiwa, naye ni kijana wa unga. Safari hii maneno yamekaa mahala pake kuliko walivyoweza kudhani waliyoyatunga, maana kijana huyu hujidunga kweli, kwa sindano, kwa mkono wake mwenyewe.

Nami niliwahi kuitumia methali hii kwa namna inayonitia aibu hadi leo. Mwaka 2013 alinijia jioni moja mama wa mtaani kwetu. Alikuwa amekwisha kuuza bangili zake mbili za dhahabu, cherehani, na sehemu kubwa ya vyombo vya kabatini, ili mwanawe akae katika nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo wengi tunaziita soba hausi. Mara mbili aliingia, na mara mbili alitoka akarudia unga. Mimi ndiye ninayetafutwa mtaani kwa barua za posa, maombi ya kazi na risala za harusi, na mama yule alitaka barua ya kuomba msaada wa matibabu. Nilipomwuliza iende kwa nani, akasema, "Andika tu, Maalim. Wa kumpelekea tutamjua." Nilikuwa nimekaa na wenzangu barazani, kahawa imepita, ulimi umelainika. Nikamjibu kwa methali. Mmoja wetu akacheka kidogo.

Yule mama hakukasirika. Alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Pole sikuijia, Maalim. Pole ninazo nyingi. Mimi natafuta wa kuutoa mwiba." Akavuta buibui lake akenda zake.

Mtu anayekula kwa kazi ya kufasiri hujizoeza kuuliza msemo unakataza nini na unaacha nini bila kukigusa. Nilipoirudia methali yetu kwa jicho hilo niliona kwamba inakataza neno. Haisemi kwamba mwiba wa kujidunga hautolewi. Nani kati yetu aliyepata kumwona mzee wa Kiswahili akimwacha mjukuu wake na mwiba unyayoni, mguu ukavimba ukatunga usaha, kwa sababu tu mtoto alikwenda peku baada ya kukatazwa? Atamgombeza, atamnyima pole, na wakati huo huo atakuwa anasogeza taa na kutafuta pini. Ukali wa methali ulikuwa ukali wa mtu ambaye mkono wake umo kazini. Sisi tumeigeuza. Kila mwaka tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, tunatoa pole za kila namna, kwa mabango, fulana na hotuba. Kisha jua likizama mwiba tunauacha pale pale ulipo.

Swali la kimaadili linaloulizwa barazani ni hili: je, fedha ya umma, iliyotokana na jasho la mpanda mkarafuu, la mvuvi na la mwalimu wa skuli, itumike kumtibu mtu aliyejiletea maradhi mwenyewe? Ni swali la haki kuulizwa, na wanaolipuuza kwa kusema "ni wagonjwa tu hawa" hawawatendei wema wale wagonjwa.

Tuanze na hilo la kujiletea. Unga hauoti kwetu. Kasumba hulimwa Afghanistan, hupikwa ikawa heroini, ikateremshwa hadi pwani ya Makran, na huko hupakiwa katika majahazi yanayokuja kusini kwa bahari ile ile iliyotuletea tende, mazulia na baadhi ya babu zetu. Kaskazi inapovuma njia huwa wazi. Kusi inapochachamaa safari hupungua. Mshairi wa mwambao hawezi kulifikiri jambo hili bila kuumia, kwa kuwa pepo hizi tumezisifia karne nyingi. Kijana wa Malindi ya Unguja, au wa Malindi ile ya Kenya, hakulima, hakupika wala hakusafirisha. Kabla kete haijafika kiganjani mwake, mwiba ule umepita katika mikono ya matajiri, manahodha na wafumba macho, na hao ndio walioneemeka nao.

Hata hivyo sitakwenda mbali kama wanavyokwenda baadhi ya wenzangu, wanaosema kwamba kijana hana kosa lolote. Mama yake mwenyewe hasemi hivyo. Aliyeiba sufuria ya jirani yenye wali wa futari ameiba. Anayemwambia mraibu kwamba hana kosa anamwambia pia kwamba hana utashi, na asiye na utashi atainuka kwa nguvu ya nani? Katika nyumba za upataji nafuu, zinazofuata zile hatua kumi na mbili zilizoanzia kwa walevi wa Marekani katika miaka ya 1930, mtu hutakiwa kwanza akiri kwamba nguvu zake zimemwishia. Kisha hutakiwa ayahesabu mabaya aliyowatendea watu na awaendee kuwataka radhi. Wenyewe hawaombi kusamehewa hesabu.

Kosa basi lipo. Lakini tangu lini kosa likawa ndilo linaloamua nani atibiwe? Mvuvi wa baruti anajua anachokifanya. Anavunja sheria, anaua matumbawe, anawanyang'anya wenziwe samaki wa kesho. Baruti ikimlipukia mkononi hukimbizwa hospitali ya Serikali, akafungwa jeraha kwa bandeji iliyonunuliwa kwa fedha za umma. Polisi anaweza kumsubiri mlangoni. Daktari hasubiri hukumu ya mahakama ndipo azuie damu. Dereva mlevi ni hivyo hivyo. Mvuta sigara wa miaka arobaini, mapafu yakimharibika, hapelekwi barazani kwanza akahojiwe. Na ushuru wa sigara na wa ulevi umekuwa ukiingia Hazina miaka yote, maana yake kuna uraibu ambao Serikali huula faida yake mchana kweupe.

(Neno lenyewe lina historia ya kuchekesha. Uraibu kwa wazee wetu ulikuwa tambuu, tumbaku, kitu cha kuburudisha kinywa baada ya chakula, na mgeni asiyeletewa uraibu alijua kwamba hakupokelewa vyema. Sasa neno lililokuwa likikaa katika kijaluba limekuwa jina la maradhi.)

Kwa nini basi ukali wetu ukawa kwa unga peke yake? Nimelifikiri sana, na jibu ninaloliona ni kwamba maradhi mengine yana dalili mwilini ilhali haya dalili zake ni tabia. Homa humtikisa mtu viungo. Arosto, yaani yale mateso ya kuukosa unga, humtikisa viungo na uaminifu kwa pamoja. Anatapika, anaumwa mifupa, anaharisha, na pia anasema uongo, anaiba, anauza khanga za mamaye. Tunaiona dalili tukadhani tumemwona mtu. Ni kama kumchukia mwenye kifua kikuu kwa sababu anakohoa.

Iko habari moja ambayo tangu nilipoisoma haijanitoka. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliandika juu ya jambo waliloliona kwa wanawake maskini waliokuwa wakijidunga. Aliyepata fedha ya kete alijidunga, kisha akavuta damu yake mwenyewe ikajaa katika bomba la sindano, akampa mwenziwe asiye na kitu ajidunge damu ile, kwa imani kwamba ndani yake mmebaki unga wa kutosha kumtuliza arosto. Desturi hiyo baadaye ilikuja kushuhudiwa Unguja pia. Madaktari waliliona hilo kwa jicho la UKIMWI, na walikuwa na haki: uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2007 ulikuta virusi kwa watu kama 16 katika kila 100 wanaojidunga, wakati kwa wananchi kwa jumla hawakufika hata mmoja au walikuwa karibu na hapo. Mimi, pamoja na kuyaona hayo, niliona jambo jingine. Watu tuliowasema kwamba wamekwisha kupoteza utu, siku hawana cha kugawana, waligawana damu. Wema ule ulikuwa wa kuua, wala simsifu mtu kwa ujinga. Lakini yule aliyetoa damu yake hakumwuliza mwenziwe kama mwiba alijidunga mwenyewe.

Wako wanaotetea matibabu kwa hoja ya idadi zile: tuwatibu wasije wakatuambukiza. Ni hoja ya kweli na imefungua milango mingi, kwa hiyo siitupi. Nina mashaka nayo tu kwa sababu hudumu kadiri hofu inavyodumu. Namba zikishuka, fungu hushuka nalo. Na yule anayevuta moshi bila kugusa sindano, asiyemwambukiza mtu chochote, hana nafasi katika hoja hiyo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya toba. Mimi si mwanachuoni na najua mipaka yangu, lakini masuala haya yamezungumzwa na wakubwa kabla yetu. Katika mafungu manane wanaopewa zaka wamo wenye madeni. Mafakihi waliuliza: je, aliyekopa kwa ajili ya maasi naye apewe? Imamu Nawawi, katika Minhaji ambayo vizazi vya wanafunzi wa mwambao huu wameisoma, alipofika hapo aliongeza kauli yake mwenyewe kwamba lililo sahihi zaidi ni kuwa hupewa akiwa ametubu. Nililipenda jibu hilo. Halikusema kwamba maasi si maasi, na halikumfungia mtu mlango milele. Watu wa barazani nao hulishika hapo hapo: "Naam, na atubu kwanza!"

Ugumu uko katika neno kwanza. Nimewasikia vijana hawa wakitubu. Hutubu alfajiri, tena kwa machozi ambayo huwezi kuyatilia shaka. Kufika adhuhuri arosto imekwisha kuwaendea mwilini, na toba ya alfajiri imevunjika mikononi mwao. Ukiwauliza kama walikuwa wakweli asubuhi watakwambia ndiyo, na wanasema kweli. Toba inataka mtu awepo wa kuishika hadi kesho yake, na unga ndio unaomwondoa mtu huyo. Kwa hiyo tunamwambia: tubu ndipo tukutibu, ilhali yeye hawezi kuishika toba bila ya kutibiwa. Hapo sharti limekuwa kufuli ambayo ufunguo wake umefungiwa ndani. Sidhani kwamba Nawawi aliikusudia hivyo kauli yake. Deni la fedha halimtetemeshi mtu mikono adhuhuri ikamfanya akope tena.

Tiba yenyewe si siri. Methadoni ni dawa ya maji, mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi, na kipimo kimoja humshika kiasi cha siku nzima pasi na arosto wala kulewa, akaweza kufanya kazi na kulala usingizi wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na kwetu ilifika mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu; mwaka huo huo Malindi na Mombasa nazo zilianza. Akikosa siku kadhaa mfululizo mgonjwa hurudishwa kwenye kipimo kidogo akaanza upya, kwa kuwa mwili umekwisha kusahau na kipimo cha jana kinaweza kumwua. Tiba hii haina mapumziko. Sikukuu hunywewa, siku ya mvua hunywewa, na siku ya uchaguzi hunywewa.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye fedha. Huduma hizi, bara na visiwani na upande wa Kenya, zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkono wa wafadhili wa nje, Wamarekani wakiwa mbele. Tarehe 20 Januari 2025 rais wao alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku tisini, na Afrika ya Mashariki nzima huduma za UKIMWI pamoja na zile za watumiaji wa dawa za kulevya zikayumba, wafanyakazi wakaambiwa wakae majumbani. Katika waraka siku tisini ni kifungu kimoja cha maneno. Kwa anayekunywa dawa kila asubuhi ni asubuhi tisini.

Wengi waliwalaani waliotoa amri ile. Mimi laana yangu haikufika mbali. Jirani akiwalisha wanao miaka kumi na siku moja asilete sahani, utamshtaki wapi? Aliyelisha kwa hiari huacha kwa hiari. Ndiyo maana ya sadaka. Wazee wetu waliijua tofauti hiyo wakaweka kitu kingine pembeni yake, wakfu. Anayetoa sadaka humwona anayempa, akamchagua, na kesho anaweza kumchagua mwingine. Aliyechimba kisima akakiweka wakfu amekwisha kuondoa mkono wake: hakuandika katika waraka wake kwamba mwizi asiteke, na mwizi akija na ndoo hakuna anayesimama kumhoji. Fungu katika bajeti ya Serikali, likiandikwa kwa jina lake na kurudi kila mwaka, liko karibu na kisima kuliko na sahani ya jirani. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka.

Na haki isemwe, zipo dalili. Serikali yetu imejenga kituo cha tiba na marekebisho ya tabia kule Kidimni, na kukijenga kwa fedha zetu ni kukiri kwamba vijana hawa ni wetu. Lakini jengo hugharimiwa mara moja likapigwa picha. Muuguzi, dawa, chakula na nauli havipigwi picha, na hugharimiwa kila mwezi.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi wa wazazi, alinikatiza nilipokuwa nikiyahubiri haya. Akaniambia, "Kuna usiku mzazi anavuja damu na gari la wagonjwa halina mafuta. Wewe unataka fungu la mateja?" Sikuwa na jibu kamili siku ile, na leo pia sina. Akisema mzazi atangulie, nakubali bila ya mjadala. Lakini kutanguliwa si kufutwa, na nimegundua kwamba mzazi huyu hukumbukwa zaidi anapotajwa kijana wa unga. Inaponunuliwa gari jipya la kiongozi hatajwi. Tena fedha ya kijana tunailipa hata sasa. Tunailipa polisi, mahakamani, kwenye chakula cha mahabusu, na katika wodi anapoletwa hatimaye akiwa na maini yaliyoharibika. Ni gharama ya kumwadhibu na kumzika, na hiyo haikuombewa kura ya mtu.

Turudi kwa yule mama. Baada ya Ramadhani ya mwaka ule nilikwenda kwake kumtaka radhi, nikachukua na kalamu. Tuliiandika barua pamoja ukumbini, mwanawe amejilaza chumba cha ndani, tunamsikia akijigeuza. Nilianza na "nadai", kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufikiri sana. Akanizuia. "Andika naomba, Maalim. Kudai waachie wakubwa." Nikaandika naomba, kwa heshima na taadhima. Barua ikapelekwa ofisi moja, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na habari yake ikaishia pale.

Mwanawe sasa yuko katika methadoni, mwaka wa tano huu. Dawa haimlipishi. Nauli ya daladala kwenda na kurudi humpa mama kila asubuhi, kutoka katika biashara yake ya vitumbua, na siku vitumbua vikilala kijana hutembea kwa miguu. Nakala ya barua ninayo. Kila inapofika Juni, bajeti inaposomwa Baraza la Wawakilishi, huitoa nikaisoma upya huku redio ikisema. Mwaka huu nilikifuta kile kitenzi nikaandika juu yake "tunadai", kwa wino mwekundu. Bado sijamwonesha.